Mpiga Ngoma Asiye na Mwalimu

Msomaji, bila shaka umepata kusikia watu wakimsifu fundi fulani kwa kusema kwamba alijifundisha mwenyewe. Sifa hii hupewa seremala, mwashi na mchoraji, na zaidi ya wote hupewa mpiga muziki. Husemwa juu yake kwamba hakuingia chuo, hakushika kitabu cha noti, wala hakuketi mbele ya mwalimu. Aliishika ngoma, akaipiga, na ngoma ikamtii. Ni sifa tamu, na apewaye huifurahia. Lakini yafaa tuitazame vema kabla ya kuikubali, maana ina swali ndani yake. Mtu ambaye hakuwa na mwalimu, ujuzi wake ulitoka wapi? Je, mikono yake ilizaliwa ikijua?

Insha hii yataka kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Nimemchagua mpiga ngoma wa aina ambayo wazee wengi wangeshangaa kuiona ikitajwa katika kitabu cha shule, yaani yule apigaye muziki wa roki mzito uitwao hevi metali. Maana ya jina hilo ni chuma kizito. Ni muziki wa magita ya umeme yenye kunguruma na ngoma zipigwazo kwa nguvu na kasi nyingi, na wengi wa wapigaji wake walijifundisha. Tutaanza safari yetu Kitui, katika nchi ya Ukambani, ambako ngoma ina historia ndefu. Kutoka huko tutashuka pwani, tutavuka bahari mpaka Marekani na Uingereza, kisha tutarudi nyumbani kwa njia ya Nairobi. Sisemi kwamba hevi metali ilizaliwa Kitui, haikuzaliwa huko. Nasema tu kwamba mtu akitaka kujua jinsi mpiga ngoma anavyofundika pasipo shule, Kitui ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza.

Nchi ya Kitui iko mashariki ya Kenya, kati ya mto Athi na mto Tana. Ni nchi ya joto, ya mibuyu na miti ya miiba, na mvua yake ni haba. Wakulima huitazamia mara mbili kwa mwaka, kuanzia mwezi wa Machi na tena kuanzia Oktoba. Na mara nyingi hudanganyika. Kwa sababu hiyo, tangu zamani, mvua haikuwa jambo la mawingu peke yake katika mawazo ya watu. Ilikuwa ni jambo la mizimu ya wazee waliokufa, ambao kwa Kikamba huitwa maimu, na la mahali patakatifu pa sadaka paitwapo ithembo. Mvua ilipokawia, au mtu alipopagawa na pepo, ilipigwa ngoma iitwayo kilumi.

Katika kilumi wenye mamlaka ya ngoma ni wanawake, hasa wanawake watu wazima. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila adhaniye kwamba ngoma ni kazi ya wanaume tu. Ngoma yenyewe, ambayo kwa Kikamba ni kithembe, huchongwa katika gogo lililokombwa ndani na kuwambwa ngozi juu. Ngoma za kilumi ni ndefu. Mpigaji huiinamisha, akaibana kati ya miguu yake, na kuipiga kwa viganja. Huyu hushika pigo moja, mwenzake hushika la pili, na mapigo hayo mawili huingiana kama vidole vya mikono miwili. Mwimbaji hutangulia, wengine huitikia, na wachezaji hucheza hata saa nyingi zikapita. Pigo halibadiliki kwa haraka. Hurudiwa na kurudiwa mpaka mtu akasahau uchovu wake.

Wanawake hawa walijifunzaje? Hapakuwa na darasa la kilumi. Wala hapakuwa na mtihani. Lakini tazama, mtoto abebwaye mgongoni na mama achezaye huyapokea mapigo mwilini mwake kabla hajajua kusema. Akianza kutembea husimama ukingoni mwa uwanja na kutazama. Akiwa msichana hupiga makofi na kuitikia nyimbo. Miaka hupita, na siku moja mpigaji mmoja huchoka, mahali pake pakawa wazi, naye msichana yule ambaye sasa ni mama huingia na kushika ngoma. Wasioijua njia aliyopita husema kwamba alijifundisha mwenyewe. Kweli ni kwamba alifundishwa na kijiji kizima, na hakuna hata mmoja katika kijiji hicho aliyejua kwamba alikuwa akifundisha.

Katika karne ya kumi na tisa Wakamba wa Kitui walikuwa wasafiri mashuhuri. Misafara yao ya pembe za ndovu ilifika pwani, na mmishonari Johann Ludwig Krapf alipokwenda Kitui mwaka wa 1849 alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanya biashara mkubwa wa huko. Mtu asafiriye hurudi na bidhaa mkononi na sauti mpya sikioni. Lakini njia ile ile iliyowapeleka Wakamba pwani iliwaleta wageni bara. Wamishonari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Ikutha, kusini ya Kitui, katika miaka ya mwanzo ya 1890. Na mwaka wa 1895 Peter Cameron Scott alianzisha kituo cha African Inland Mission huko Nzaui, katika nchi ambayo leo ni Makueni. Waalimu hawa walileta kusoma na kuandika, na kwa hayo walistahili shukrani. Lakini kwa kuwa kilumi ilifungamana na mizimu, waliwafundisha waongofu wao kuiacha. Hivyo ilitokea kwamba kuwa msomi na kuwa mpiga ngoma yalihesabiwa kuwa mambo mawili yasiyokaa pamoja.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na hofu yake. Mwaka wa 1911, upande wa Machakos, alitokea mwanamke aitwaye Syotune wa Kathukye, ambaye watu waliamini kwamba pepo zinasema kwa kinywa chake. Uchezaji ukaenea, na pamoja naye akatokea kijana aitwaye Kiamba aliyeyageuza mambo yale kuwa upinzani juu ya serikali. Wote wawili walihamishwa mbali na kwao. Watawala walitambua jambo ambalo wapiga ngoma walilijua siku zote, kwamba ngoma hukusanya watu, na watu waliokusanyika huweza kuwaza pamoja.

Hofu hiyo haikuwa ya Kenya peke yake. Miaka mingi kabla yake, mwaka wa 1739, watumwa wa Kiafrika waliasi katika South Carolina, huko Marekani, wakaenda njiani wakipiga ngoma ili wenzao wasikie na kujiunga nao. Mwaka uliofuata sheria ikatungwa ya kuwakataza watumwa kuwa na ngoma. Weka mambo hayo mawili katika akili yako, msomaji, lile la mwaka 1739 na lile la mwaka 1911, kwa sababu ngoma ambayo tutaikuta ng'ambo ya bahari ilipita katika mlango mwembamba kama ule ule.

Pamoja na makatazo, ukoloni ulileta ngoma yake. Ilikuwa ni ngoma ya jeshi: ngoma kubwa ya besi ipigwayo kwa rungu, ngoma ndogo yenye nyuzi chini yake ambayo hutoa sauti ya kukwaruza, na matuazi ya shaba. Wakamba wengi waliingia katika jeshi la King's African Rifles, na wengi wengine walitumika kama wapagazi katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Hao wote walijua sauti ya ngoma ya askari. Huko pwani, katika Lamu na Mombasa, vijana walikuwa wameisikia tangu miaka ya 1890. Hawakwenda kuomba kufundishwa. Waliisikiliza beni ya wazungu ikipita, wakarudi mitaani mwao na kuunda ngoma yao wenyewe iitwayo beni, yenye vyeo vya uongo, sare na mashindano makali. Wakati wa vita ile beni ilienea mpaka ndani ya Tanganyika. Hapa twaona tena mtu ajifundishaye: sikio lilichukua, na mkono ukatengeneza upya.

Sasa tuvuke bahari, maana ngoma hii ya jeshi ilizaa wana wawili. Mmoja ni beni ya pwani yetu. Wa pili alizaliwa katika mji wa New Orleans, huko Marekani. Katika mji huo, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, watumwa waliruhusiwa kukutana siku za Jumapili katika uwanja ulioitwa Congo Square, wakapiga ngoma na kucheza kwa desturi za Afrika. Utumwa ulipokwisha, wajukuu wao walipata ala za shaba na ngoma za jeshi, wakaunda bendi za kutembea njiani. Bendi zilipoingia katika kumbi za dansi nafasi ikawa ndogo na fedha za kuwalipa wapigaji wengi zikawa haba. Ndipo mtu mmoja akaanza kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na watatu.

Lililowezesha jambo hilo likamilike lilikuwa ni chombo kidogo. Mwaka wa 1909, katika mji wa Chicago, William F. Ludwig na ndugu yake walitengeneza kanyagio la ngoma ya besi lililofanya kazi vizuri na kwa haraka. Mguu wa kulia ukashika kazi ya rungu, na mikono yote miwili ikawa huru. Polepole likazaliwa jambo jipya duniani, nalo ni seti ya dramu: mtu mmoja ameketi, mguu mmoja wakanyaga besi, mguu wa pili wafungua na kufumba matuazi, mkono mmoja wapiga ngoma yenye nyuzi na mwingine washika mwendo. Yale yaliyokuwa mazungumzo ya wapigaji wengi yaliingia katika mwili wa mtu mmoja. Kama katika kilumi wanawake wawili huingiliana mapigo, katika seti ya dramu miguu na mikono ya mtu mmoja ndiyo iingilianayo.

Mwaka ule ule wa 1909, katika mji ule ule wa Chicago, alizaliwa mtoto wa kizungu aitwaye Gene Krupa. Alipokuwa kijana, wapigaji weusi waliotoka New Orleans walikuwa wakipiga muziki wa jazi mjini mwake. Mmoja wao alikuwa Baby Dodds, fundi mkubwa wa dramu. Krupa alikwenda kuwasikiliza usiku baada ya usiku na kutazama mikono yao. Baadaye alijiunga na bendi ya Benny Goodman, na mwaka wa 1937 akashiriki katika santuri ya wimbo uitwao Sing, Sing, Sing, ambamo ngoma yake haikukaa nyuma ya wengine bali ilitoka mbele ikawa ndiyo isikilizwayo. Tangu hapo watu walianza kumtazama mpiga dramu kama wanavyomtazama mwimbaji.

Santuri na filamu zilivuka bahari tena, zikafika Uingereza. Mwaka wa 1948, katika mwezi mmoja wa Mei, walizaliwa huko watoto wawili karibu na mji wa viwanda wa Birmingham. Wa kwanza ni Bill Ward, aliyezaliwa Aston, mtaa wa Birmingham yenyewe. Wa pili ni John Bonham, aliyezaliwa Redditch, mji mdogo ulio jirani. Bonham alianza kupiga akiwa na umri wa miaka mitano. Hakuwa na ngoma. Alikuwa na makopo ya kahawa na masanduku, na kwa hayo aliwaiga Gene Krupa na Buddy Rich. Alipokuwa na miaka kumi mama yake alimpa ngoma moja, ile yenye nyuzi. Alipokuwa na miaka kumi na mitano baba yake alimpa seti kamili. Hakupata mafunzo rasmi. Ward naye alijifundisha, huku masikio yake yakiwa yamejaa jazi ya bendi kubwa za wakati wa wazazi wake.

Mwaka wa 1968 Bonham aliingia katika bendi ya Led Zeppelin. Na mwaka huo huo Ward na wenzake watatu wa Birmingham waliunda bendi ambayo baadaye iliitwa Black Sabbath. Mpiga gita wao, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine katika kiwanda cha mabati. Akajitengenezea vifuniko vya vidole na kulegeza nyuzi za gita lake, na sauti yake ikawa nzito kuliko za wengine. Santuri yao ya kwanza ilitoka tarehe 13 Februari 1970, na watu wengi huihesabu siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwa hevi metali. Ukisikiliza vema utasikia kwamba nyuma ya magita yale mazito ngoma ya Ward haikupigwa kama nyundo ya mhunzi. Yayumba, yajibu, yacheza. Ni jazi ya Chicago imevaa nguo nyeusi. Na jazi ya Chicago, kama tulivyoona, ilikuwa na babu zake katika Congo Square.

Bonham hakuishi kuona uzee. Alifariki mwezi wa Septemba mwaka wa 1980, akiwa na miaka thelathini na miwili tu, baada ya kunywa pombe kupita kiasi, na bendi yake ikavunjika mwaka huo. Wahenga walisema kwamba ngoma ivumayo haidumu. Mkono wenye nguvu kuliko yote haukuweza kumwokoa mwenyewe, na kijana atakayeiga mapigo ya mtu huyo hana haja ya kuyaiga maisha yake.

Muziki huu uliendelea kusafiri na kila ulikofika uliikuta ngoma ya wenyeji ikiungojea. Katika Brazil, nchi iliyopokea watumwa wa Kiafrika kuliko nchi yo yote nyingine ya Amerika, kulikuwa na bendi ya hevi metali iitwayo Sepultura. Mpiga dramu wao, Igor Cavalera, alizichanganya ngoma za Brazil zenye asili ya Afrika na kasi ya hevi metali. Na mwaka wa 1996 bendi hiyo ilitoa santuri iliyoitwa Roots, yaani mizizi, ambayo ilisikika duniani kote. Jina hilo lilichaguliwa vizuri. Vijana hawa walikuwa wamekwenda mbali kutafuta kelele mpya, na walipoipata wakagundua kwamba imesimama juu ya ngoma za kwao.

Turudi sasa Afrika Mashariki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia askari walirudi kutoka Burma na India wakiwa na magita na nyimbo mpya. Miaka ya 1960 vijana wa Kijaluo walikuza muziki wa benga, na katika miaka ya 1970 benga iliingia Ukambani na kupata sura ya Kikamba: magita membamba yenye kutiririka juu, na chini yake ngoma ya besi isiyochoka. Jina kubwa la wakati huo lilikuwa Kakai Kilonzo, aliyezaliwa mwaka wa 1954 na kufariki mwaka wa 1987, kiongozi wa bendi ya Les Kilimambogo Brothers. Santuri zao zilichezwa katika redio na katika maduka ya vijijini. Bendi za namna hiyo hazikuwa na vyuo vya muziki. Mpiga dramu alijifunza kwa kuwa karibu na bendi, kubeba vyombo, kuvifunga na kuvifungua, na kukaa kitini mwenyewe anapokwenda kupumzika. Je, huoni kwamba ni njia ile ile ya msichana wa kilumi aliyesimama ukingoni mwa uwanja?

Hevi metali yenyewe ilipata wapenzi Nairobi, na katika karne hii zimekuwako huko bendi kama Last Year's Tragedy, Parking Lot Grass na Lust of a Dying Breed. Mwaka wa 2020 vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliokuwa wametoka katika muziki huo, walitoa santuri kwa jina la Duma, ikachapishwa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Katika santuri hiyo ngoma nyingi hutoka katika mashine, kwa kasi ambayo mkono wa mtu waweza kuiota tu. Wasikilizaji wa Ulaya waliistaajabia kama jambo ambalo halijapata kusikika.

Basi tuseme kwamba leo yuko kijana katika mji wa Mwingi au Mutomo ambaye ameisikia hevi metali katika simu yake, naye ataka kuwa mpiga dramu. Seti ya dramu ni ghali, naye hana. Atachukua ndoo na madumu ya maji, atachonga vijiti viwili, na ataanza. Somo lake la kwanza litakuwa kuhesabu nne: mguu juu ya moja na tatu, mkono wa kushoto juu ya mbili na nne, na mkono wa kulia ukipita juu ya zote kama saa. Itamchukua siku nyingi kuvitenganisha viungo vyake, maana mguu hupenda kuufuata mkono. Halafu atakuja kwenye kanyagio mbili, moja kwa kila mguu, ambazo wapiga hevi metali huzitumia ili besi itoke mfululizo kama mvua juu ya bati. Hapo atatambua kwamba kasi ni mtoto wa utaratibu. Ajizoezaye polepole kwa usahihi hufika kwenye mapigo 200 kwa dakika. Aanzaye kwa mapigo 200 hafiki popote.

Kijana huyo atasema kwamba hana mwalimu, na majirani watakubali, hasa wale ambao usingizi wao umevunjwa na madumu yake. Lakini hebu tuhesabu. Nyanya yake aliimba akitwanga, na mchi ulishika mwendo. Kanisani kwao kuna ngoma. Katika matatu husikia benga njia nzima. Katika tamasha la muziki la shule amewaona wenzake wakicheza ngoma za Kikamba mbele ya waamuzi. Simuni mwake yumo Ward. Ndani ya Ward yumo Krupa. Ndani ya Krupa yumo Baby Dodds. Na nyuma ya Dodds wako watu wasio na majina waliopiga ngoma siku za Jumapili katika nchi ya utumwa. Kijana huyu ana walimu wengi kuliko mwanafunzi ye yote wa chuo. Tofauti ni moja tu, kwamba hawajui, nao hawamjui. Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mpiga ngoma hufunzwa na wote wawili.

Hapo ndipo pana jambo zito ambalo nataka ulichukue, msomaji. Walimu wa mbali hawako katika hatari. Santuri ya mwaka 1970 inaweza kusikilizwa leo na itasikilizwa kesho. Krupa amekufa tangu mwaka 1973, lakini mkono wake ungali unapiga. Walimu walio katika hatari ni wale wa karibu. Mama mzee wa Kitui aijuaye kilumi ana mapigo ambayo hayamo katika simu ya mtu. Mwanachuoni Paul Kavyu, aliyechunguza muziki wa Wakamba, aliandika kitabu juu ya muziki huo mwaka wa 1977, na kingine juu ya ngoma zao mwaka wa 1986, na kazi yake ni hazina. Lakini kitabu huhifadhi pigo kama vile chumvi ihifadhivyo samaki: halitaoza, wala halitaogelea. Pigo huishi pale tu penye mmoja wa kulipiga na mwingine wa kuliitikia.

Labda utasema kwamba wewe huamini mizimu, na kwamba dini yako hairuhusu kilumi. Sikushurutishi kuamini. Lakini mtu aweza kujifunza jinsi mikono miwili inavyoingiliana bila ya kutoa sadaka katika ithembo, kama vile Waislamu na Wakristo wasomavyo hadithi za Wayunani wa kale bila ya kuiabudu miungu yao. Katika karne iliyopita vijana walilazimishwa kuchagua kati ya kalamu na kithembe. Wewe hulazimishwi. Kalamu unayo mkononi, na simu yenye kunasa sauti huenda iko nyumbani kwenu.

Kwa hiyo likizo itakapofika, ukiwa mtu wa Kitui au wa Makueni au wa po pote penye ngoma, uliza ni nani apigaye katika kijiji chenu na alimtazama nani alipokuwa mdogo. Muamkie kwa heshima, uketi, usikilize, na akikubali uandike jina lake na jina la aliyemtangulia, na unase pigo lake. Kisha omba akuachie ngoma kidogo, ujaribu. Utakosea, naye atacheka, na huo ndio utakuwa mwanzo wa masomo. Hata kama nia yako ni kupiga hevi metali katika ukumbi wa Nairobi, hutapoteza kitu. Wale wa Brazil hawakupoteza. Na siku watu watakapokusifu kwa kusema kwamba ulijifundisha mwenyewe, utakuwa na majina ya kuwatajia.